Sura za Majirani Ukutani

Januari 2009 treni iliyokuwa ikikatiza Kibera, Nairobi, ilibandikwa macho ubavuni. Yalikuwa macho makubwa, meusi kwa meupe, ya wanawake wanaoishi chini ya reli hiyo. Pua, midomo na videvu vyao vilibandikwa kwenye mabati yaliyopangwa kwenye mteremko kati ya reli na nyumba. Treni ilipopita, kwa nukta moja macho yalikutana na midomo, sura zikakamilika, kisha mabehewa yakaenda zake. Msanii aliyebuni kazi hiyo, Mfaransa anayejulikana kwa jina la JR, alifunika pia mapaa yenye eneo la mita za mraba 2,000 kwa picha za wanawake hao, na wengi wao picha zao ziliwekwa juu ya mapaa yao wenyewe. Safari hii hakutumia karatasi kama alivyozoea. Picha zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji, ili mvua zikianza ziwe kinga ya nyumba.

Treni ndiyo iliyopendeza kupigwa picha. Turubai la paani ndilo lenye somo kwa kikundi chochote cha mazingira kinachofikiria kutumia sura za watu kuamsha mtaa. Sura ile haikuomba kutazamwa tu, ilifanya kazi pale pale ilipowekwa, kwa manufaa ya mwenye nayo. Siku hizi shule, vikundi vya vijana na vikundi vya wavuvi vinazidi kupenda michoro ya ukutani, na ni jambo jema. Tatizo linakuja pale ukuta unapopendeza, wapita njia wanajipiga selfi, na mtaro ulio chini yake unabaki umejaa chupa. Ushauri unaofuata unahusu jinsi ya kuziba pengo hilo.

Kwanza, kwa nini sura? Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mhamasishaji anapaswa kulifahamu. Watu waliopewa dola tano kwa kujaza dodoso waliombwa kuchangia wenye njaa barani Afrika. Kundi moja lilipewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa, na wastani wa mchango wao ulikuwa dola 1.14. Kundi jingine lilielezwa habari za msichana mmoja wa miaka saba kutoka Mali, wakatoa wastani wa dola 2.38. Kundi la tatu lilipewa yote mawili, msichana pamoja na takwimu, na mchango ukashuka hadi dola 1.43. Ina maana kwamba takwimu ziliupoza moyo uliokwisha kuguswa. Kwa hiyo bango lenye sura ya mama mchuuzi na chini yake tani za plastiki zinazoingia baharini kila mwaka linajipunguzia nguvu. Tani hizo zina mahali pake, kwenye barua kwa diwani na kwenye ombi la fedha.

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, wafanyakazi walikuwa wakijihudumia chai na kuweka pesa wenyewe kisandukuni. Mwaka 2006 Melissa Bateson na wenzake waliripoti kwamba wiki ambazo juu ya kisanduku kulikuwa na picha ya macho, pesa zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za wiki za picha ya maua. Miaka mitano baadaye watafiti wa chuo hicho hicho waliweka mabango ya macho kwenye kantini, na uwezekano wa watu kuacha takataka mezani ukapungua kwa nusu. Matarajio yawe ya kiasi, hata hivyo, kwa sababu majaribio yaliyofuata sehemu nyingine yametoa majibu yanayotofautiana. Macho ukutani yanaweza kumfanya mtu asite. Hayatoshi kumfanya ashike fagio.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni sura ya nani ichorwe. Vikundi vingi vya Kenya humkimbilia Wangari Maathai, na hakuna wa kuwalaumu: alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alipinga mnara wa ghorofa 60 uliotaka kumeza Uhuru Park mwaka 1989, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Lakini aliyetukuka namna hiyo ni rahisi kumheshimu kwa mbali. Mtoto hupita mbele ya sura yake, akajivunia, akaenda zake, maana kazi kubwa imekwisha kufanywa na mtu mkubwa. Anayetaka kumchora Wangari amchore pamoja na namna yake ya kufanya kazi. Yeye na wenzake waliwalipa wanawake wa vijijini kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa. Chini ya sura yake kiwekwe kitalu cha miche, chenye zamu ya kumwagilia, na malipo yafuate kanuni hiyo hiyo.

Kwa kuta nyingi, sura inayofaa zaidi ni ya mtu ambaye watu wa mtaa humwita kwa jina. Mzee anayezibua mtaro kila kabla ya masika bila kutumwa. Mama lishe aliyeacha mifuko ya plastiki hata kabla ya katazo la Agosti 2017 nchini Kenya, au la Juni 2019 nchini Tanzania. Kijana anayekusanya chupa na kuziuza kwa kilo. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda na kupanda mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza vyeti vya kaboni kutokana na hekta 117 za msitu. Mapato hurudi kwenye maji, elimu na upandaji, na ni wanakijiji wanaoamua. Mahali pa namna hiyo hapana haja ya kutafuta shujaa kutoka nje. Orodha ya walinzi na wapandaji inatosha kujaza kuta za kijiji kizima.

Majina yapatikane kwenye mkutano wa hadhara, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa mtaa akiwepo, na watu wapendekeze kwa sauti. Kikundi kikiteua kwenye chumba cha ofisi, siku ya kwanza baada ya rangi kukauka swali litakuwa kwa nini huyu na si yule. Zichaguliwe sura kadhaa, za rika na kazi mbalimbali, na wanawake wasiwe wachache kwa kuwa wao ndio wanaobeba maji na kuchoma taka za nyumbani katika kaya nyingi. Wanasiasa wasichorwe kabisa, hata yule aliyefanya kazi njema ya dhati. Kampeni zikianza, sura yake inageuka bango la uchaguzi, na ukuta wote unaingia kwenye ugomvi usiouhusu. Wala isichorwe sura ya mtu ili kumuaibisha kwa kutupa taka. Aibu humfanya mtu ahamie kutupa usiku.

Mtu akishakubali, kazi ya kumpiga picha au kumchora huanza na swali la namna atakavyoonekana. Gideon Mendel, mpiga picha mzaliwa wa Afrika Kusini, tangu 2007 amekuwa akienda kwenye maeneo ya mafuriko, kuanzia Uingereza na India hadi Pakistani na Nigeria. Hurudi na wenye nyumba hadi ndani ya nyumba zao zilizojaa maji, nao husimama, wengine maji yakiwa kifuani, wakaitazama kamera moja kwa moja. Hawalii, hawanyooshi mikono kuomba. Mtazamaji anajikuta akitazamwa na mwenye nyumba. Ni mfano unaofaa kuigwa, kwa sababu picha za maafa zimezoea kumwonyesha Mwafrika ameinama. Mtu wa mtaani achorwe akiwa wima, na kifaa chake cha kazi mkononi kama mwenyewe akipenda, katika nguo alizozichagua. Wengi watachagua nguo za sikukuu badala ya za kazini, na waachwe.

Mwingereza Nick Brandt alifanya jambo jingine linalofaa kuchukuliwa. Katika mfululizo wake wa picha aliouanzia Kenya na Zimbabwe mwaka 2020, watu walioathiriwa na ukame na vimbunga walipigwa picha ndani ya ukungu pamoja na wanyama waliookolewa. Nchini Kenya mmoja wa wanyama hao alikuwa Najin, faru mweupe wa kaskazini wa Ol Pejeta, aliyesalia na bintiye peke yao duniani. Watu katika picha hizo wanatajwa kwa majina, na habari za yaliyowapata zimeandikwa. Mchoro usio na jina ni pambo. Wenye jina, mtaa na sentensi mbili za maisha ya mtu una mwenyewe, na watu huuchunga.

Hapa sheria nayo ina neno, na vikundi vingi hulipuuza mpaka iwe tabu. Picha ya mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data nchini Kenya iliitoza klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha za wateja bila ridhaa yao, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila wazazi kukubali. Kikundi cha usafi cha mtaa hakina fedha za namna hiyo.

Karatasi ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida na isomwe kwa sauti mbele ya mhusika. Ieleze picha itawekwa wapi na kwa muda gani, kama itatumwa mitandaoni, nani ataruhusiwa kuitumia kwenye matangazo au ripoti za wafadhili, na mwenye sura afanye nini akibadili mawazo. Nakala moja abaki nayo yeye. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi, lakini mtoto naye aulizwe, na akikataa basi. Kabla ya rangi kugusa ukuta mhusika aonyeshwe rasimu. Na alipwe kwa muda wake, kama anavyolipwa mchoraji. Mtu anayeacha kibanda chake cha biashara nusu siku ili apigwe picha ametoa mchango wenye bei.

Baada ya sura kupatikana, nani aichore? Jibu zuri kuliko yote lilitolewa kwenye jaa la Jardim Gramacho, nje kidogo ya Rio de Janeiro. Lilikuwa miongoni mwa majaa makubwa kabisa duniani, na maelfu ya watu waliishi kwa kuokota humo vitu vya kuuzwa na kurejelezwa. Vik Muniz, msanii wa Brazili aliyezaliwa katika familia maskini ya São Paulo, alikwenda huko akawapiga picha baadhi ya waokotaji. Kisha alizimulika picha hizo kwa projekta kwenye sakafu ya ghala, zikawa kubwa kama uwanja mdogo, na waokotaji wenyewe wakaja kuzijaza kwa vitu vilivyotoka jaani. Waliinua, walipanga, walisogeza, walibishana. Muniz alipiga picha kutoka juu, na kutoka juu takataka zile zilikuwa nyuso.

Mmoja wao alikuwa Sebastião Carlos dos Santos, kiongozi wa chama cha waokotaji. Alipigwa picha ndani ya bafu lililookotwa jaani, katika mkao wa Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyeuawa akiwa ndani ya bafu na kuchorwa na Jacques-Louis David. Picha hiyo ilinadiwa London, mwenyewe akiwa ukumbini, ikauzwa pauni 28,000, na fedha zikaenda kwa chama. Filamu ya kazi hiyo, Waste Land ya mwaka 2010, ilipigania tuzo ya Oscar. Jaa lilifungwa Juni 2012, na waokotaji waliosajiliwa walilipwa fidia. Picha si peke yake iliyoleta fidia. Chama kilikuwepo kabla ya msanii na kilipigana kabla yake. Lakini ilikuwa vigumu zaidi kufunga jaa kimyakimya watu hao wakishajulikana duniani kwa nyuso zao. Ndani ya filamu hiyo hiyo wasanii wanaonekana wakibishana: je, ni haki kumtoa mtu jaani kwa muda, kumwonyesha maisha mengine, kisha kumrudisha? Kila kikundi kijiulize swali hilo kabla ya kuanza, na kiwe na jibu la kumpa mhusika.

Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Rio bila ghala wala projekta ni hiki: watu wa mtaa waijenge sura kwa mikono yao. Mbinu ya zamani ya miraba inawezesha. Picha ya sentimita 20 kwa 30 ichorwe mistari ya penseli kila baada ya sentimita 2, ipatikane miraba 150. Ukuta wa mita 2 kwa 3 upigwe mistari ya chaki kila baada ya sentimita 20, nao unatoa miraba 150 ile ile. Kila mraba upewe namba, na kila mtu apewe mraba wake: mwanafunzi, bodaboda, muuza genge, imamu, katekista. Mchoraji aigawe sura katika rangi tatu au nne tu, za mwanga, za kati na za kivuli, na aandike namba ya rangi kwenye kila kipande. Hata asiyewahi kushika brashi atajaza mraba wake sawasawa. Macho, pua na mdomo abaki nayo mchoraji mwenyewe, kwa sababu kosa la nusu sentimita kwenye kope linamgeuza mtu kuwa mwingine, na mama wa mhusika atalitambua papo hapo. Kila aliyepaka mraba anakuwa mlinzi wa ukuta huo.

Mchoraji atafutwe karibu. Miji yetu imejaa mafundi wanaochora sura kwa ustadi mkubwa kwenye saluni za vinyozi, kwenye matatu za Nairobi na kwenye mabango ya maduka. Mchoraji Edward Tingatinga mwenyewe alianzia Dar es Salaam kwa rangi za kawaida za dukani. Fundi wa mabango anajua jua la hapa linakula rangi gani kwanza. Jambo moja akumbushwe: ngozi nyeusi isitengenezwe kwa kumimina rangi nyeusi kwenye kahawia, kwa maana ngozi hugeuka jivu na mtu akafanana na mgonjwa. Kahawia ya udongo, nyekundu kidogo, na tone la bluu kwenye vivuli huipa ngozi uhai wake.

Rangi yenyewe isiwe sumu kwa mazingira yanayotetewa. Rangi za mafuta za bei rahisi zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na kwenye ukuta wa shule watoto watayagusa maganda yake. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Inunuliwe rangi ya maji inayotaja kwenye kopo kwamba haina risasi. Brashi zisioshewe mtaroni. Lipu mpya iachwe ikauke takriban wiki nne kabla ya praima, na ukuta wa pwani wenye chumvi usuguliwe, uoshwe na ukaushwe kwanza. Kazi ipangwe kati ya vuli na masika, Januari na Februari, si wiki ya mwisho kabla ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, ambapo kuta nyingi za Dar es Salaam na Mombasa bado zina unyevu.

Mahali pa kuchora pachaguliwe kwa kuangalia watu wanasimama wapi. Barabara kuu ina magari mengi, lakini anayepita kwa kasi haoni kitu. Kituo cha daladala, bombani, mnada wa samaki, foleni ya zahanati, hapo mtu ana dakika kumi za kutazamana na sura. Na ukuta uwe karibu kabisa na tatizo. Sura ya mzibuaji mtaro iwe juu ya mtaro.

Katika miji ya Waswahili wa pwani kuna suala ambalo msanii mgeni hulikanyaga bila kujua. Waislamu wengi hawapendi sura za viumbe zichorwe ukutani, na karibu na msikiti haifai hata kuomba. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia wa UNESCO, hivyo kuta zake nazo haziguswi bila idhini ya mamlaka. Waulizwe wazee na maimamu mapema, kabla ya mtu yeyote kununua rangi, na jibu lao lifuatwe kwa moyo mweupe. Mtu anaweza kuonyeshwa bila uso: mikono inayoshona wavu, mgongo wa mwanamke aliyebeba miche ya mikoko, kivuli cha nahodha. Huko Dakar, Senegali, mpiga picha Fabrice Monteiro alianza mwaka 2013 kupiga picha za majini waliovikwa takataka za mahali pale pale walipotokea, jaani au ufukweni, sura zao zikiwa zimefichika. Aliwalenga watoto waliokua na hadithi za majini, akaitumia lugha wanayoielewa. Pwani yetu ina hadithi za kutosha za kufanyia kazi kama hiyo.

Maneno chini ya sura yawe machache na yatoke kinywani mwa mhusika. Robert Shetterly, mchoraji wa jimbo la Maine nchini Marekani, amechora zaidi ya sura 200 za raia wa nchi yake waliosema ukweli wenye gharama, akiwemo Rachel Carson aliyefichua madhara ya viuatilifu. Maneno ya kila mmoja ameyakwaruza ndani ya rangi yenyewe, juu ya kichwa, na picha hizo huzungushwa mashuleni ili wanafunzi wabishane nazo. Mhojiwa wa mtaani aulizwe maswali matatu: mahali hapa palikuwaje ulipokuwa mdogo, nini kimebadilika, na unataka jirani yako afanye nini kesho. Jibu la tatu ndilo la kuandikwa, kwa lahaja yake, bila kusafishwa na ofisi.

Na hilo jirani analoombwa liwezekane hapo hapo. Kama sura inaomba chupa zitenganishwe, kiroba cha chupa kiwe kimetundikwa chini yake na mnunuzi wa chupa awe na siku yake ya kuja. Kama inaomba miche, miche iwepo. Uzinduzi ufanywe kwa kazi, saa moja asubuhi kabla ya jua kali, mwenye sura akiongoza kwa jembe au reki, na hotuba zisubiri mpaka mtaro uwe safi.

Yako matatizo ambayo wakazi hawakuyaleta, na hapo sura lazima zitazame upande mwingine. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walitiwa sumu na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe aliugua kwa risasi, aliongoza mapambano, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ingawa kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama. Mahali kama hapo kuchora sura inayowahimiza majirani waokote taka ni dhuluma. Sura za walioumia ziwekwe mbele ya wenye mamlaka, kwenye ukumbi wa baraza, kwenye maonyesho ya siku ya kesi, zikiwa na majina na tarehe. Kwenye bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, ukweli una pande zote mbili: chupa kwenye mitaro ni za wakazi, lakini viwanda vinavyomwaga maji machafu na mipango mibaya ya ujenzi si vyao. Kuta za bonde hilo zinahitaji sura zinazomwambia jirani, na nyingine zinazoiambia halmashauri.

Kabla ya brashi ya kwanza, kikundi kipime. Zichaguliwe mita 100 za mtaro au ufukwe, taka zihesabiwe au zipimwe kwa viroba, siku ile ile ya wiki, kwa wiki nne. Baada ya mchoro hesabu iendelee kwa miezi sita, kwa sababu mwezi wa kwanza kila kitu kipya hufanya kazi. Mtaro mwingine usio na mchoro uhesabiwe vivyo hivyo ili kulinganisha. Matokeo yabandikwe ukutani, hata yakiwa mabaya.

Bajeti iache theluthi moja kwa matunzo: rangi ya kurudishia baada ya mwaka, viroba, usafiri wa chupa, mshahara mdogo wa anayesimamia kitalu. Kampuni ikitaka kudhamini, nembo yake isikae karibu na uso wa mtu, na ijulikane mapema kwamba nembo inaweza kuufanya mchoro uhesabiwe kuwa tangazo la kulipiwa kwenye kaunti au halmashauri. Mwenye sura akitaka ifutwe, ifutwe; akihama au akifariki, familia yake ndiyo itakayoamua, na namba ya simu ya kikundi iandikwe kwenye kona ya chini ya ukuta ili wajue pa kuuliza. Ukuta ukichakaa upakwe chokaa, mkutano uitishwe upya, na majina mengine yapendekezwe.